Kitundu Mbele ya Sikio

Meja Rankine aliingia uani kwa kina Amisa, mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, saa sita ya mchana, Amisa akianika mchele. Mzungu huyo, mwanajeshi wa Skotilandi, alikuwa amejifunza Kiswahili Kenya. Alisema anatafuta kaburi la babu wa babu yake, naye pia ofisa wa jeshi, aliyepotelea Maniema zaidi ya miaka mia iliyopita. Katika kijiji cha Wamaza walimwambia aulize hapa.

Mama yake Amisa, Bi Aicha, ambaye haoni miaka kumi sasa, alimgeuzia uso kutoka mkekani alipoketi.

"Karibuni. Mbona mwenzako anabakia mlangoni?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

Amisa alitazama mlangoni. Jua tupu.

"Iko mutu wa pili," Bi Aicha alisema. "Anaburuta muguu."

Meja akabadilika rangi. Alitoa picha mfukoni: mwanamume mwenye sare na fimbo. "Huyu ndiye babu. Alivunjika goti vitani."

Bi Aicha alimwita karibu, akampapasa uso. Kidole kikasita mbele ya sikio la kushoto, penye kitundu kidogo kama cha sindano. Amisa akajishika sikio. Alizaliwa nacho, mama yake vilevile, na babu yake Djamali. Kwao walisema ni alama ya wazee waliotoka pwani.

"Mimi ni Aicha binti Djamali bin Rankini," mama yake alisema polepole.

Amisa alilijua jina hilo tangu utotoni, ila alidhani ni la Kibangubangu, lugha ya huko kwao.

Nyuma ya jiko palikuwa na kaburi lisilo na jina, ambalo Djamali alilifagia kila Ijumaa mpaka alipokufa. Meja alipiga magoti. Alisema amekuja kuchukua mifupa, ikazikwe kwao.

"Umuulize mwenyewe," Bi Aicha alisema.

Ndipo Amisa aliposikia hatua moja, kisha mburuto mchangani. Vilimpita ubavuni, baridi ikamshika mkono. Mstari ulichoreka wenyewe mchangani, ukaishia kaburini. Meja aliufuata kwa macho hadi ulipoishia.

"Basi, abaki," alisema kwa sauti ndogo.

Akageuza picha ile upande wa nyuma, akaomba kalamu. Akamuuliza Amisa majina ya watoto aliowazaa, mmoja mmoja, na namna yanavyoandikwa.