Bandama ya Panya wa Tano

Kelele mtunza panya alizisikia kabla hajafungua mlango wa pili wa maabara. Akaitupa ndoo, akakimbilia tundu la mwisho.

Madume wanne walikuwa wamemkaba wa tano. Mmoja amemng'ang'ania mgongoni, mwingine anamchana tumbo, na maranda yote yamelowa damu. Akatumbukiza mkono bila glavu. Meno yakamzama kwenye kidole gumba mpaka yakagusa mfupa. Alipoinua mkono, dume mmoja alikuwa bado ananing'inia hapo. Akambamiza kwenye ukingo wa tundu, paa! Akaachia. Akamtoa wa tano, utumbo ukichungulia.

"Shangazi wa panya, unachinja?" muosha matundu akapaza sauti toka chumba cha pili. "Tubakizie supu!"

"Acha mzaha! Mpigie Daktari!"

Panya huyu ndiye aliyekuwa akingojewa. Saratani aliyopandikizwa ubavuni ilikuwa imefika ukubwa wa harage, kama ya wenzake. Kisha Daktari akawachoma wote chanjo aliyoiunda mwenyewe: vipande vya protini vinavyofanana na vya saratani, vimebebeshwa chembe za plastiki zinazoyeyuka polepole mwilini.

"Plastiki ni mchukuzi tu, mdogo wangu," Daktari alimweleza mtunza panya siku ile. "Inafikisha mzigo kwa askari wa mwili, wamjue adui kwa sura."

Aina mbili za kwanza za plastiki zilishindwa. Ya tatu ilifanya kazi kwa panya mmoja tu, huyu. Uvimbe ukanywea, ukapotea. Asubuhi hii alikuwa auawe, bandama yake, ambamo askari hao hukusanyika, itolewe, ijulikane kama askari wale wamejifunza kweli.

Ndiyo maana jana, wakati wa kufunga, mtunza panya alimwonea huruma. Tangu uvimbe upotee alikuwa ametengwa kwenye tundu lake peke yake, amejikunyata pembeni. Akamhamishia kwa wenzake, angalau mara ya mwisho apate wa kuegemea. Alijua fika kwamba dume aliyetengwa harudishwi kwa madume, maana watamshambulia kama mgeni. Lakini hawa ni wa tumbo moja, alijiambia. Watakumbukana.

Muosha matundu akaja mbio, simu imewekwa spika.

"Anapumua?" Daktari akauliza, honi zikilia nyuma yake.

"Kwa mbali."

"Akijifia hapo, seli zitaharibika kabla sijafika. Mvunje shingo, toa bandama, itie kwenye barafu."

"Daktari, mimi huwa natoka nje mkifika hapo."

"Leo hutoki, mdogo wangu. Fanya!"

Akamlaza juu ya wavu wa mfuniko. Akambana shingo kwa chuma, akaukamata mkia, akauvuta kwa nguvu zake zote. Kitu kikakatika, kidogo, kama njiti ya kiberiti. Akashika mkasi. Damu yake na ya panya zikachanganyika, vidole vikateleza, akapangusa, akakata tena. Bandama ikatoka nzima, nyekundu iliyoiva. Akaitumbukiza kwenye kichupa cha barafu.

Daktari aliingia akihema. Akakiinua kichupa kwenye mwanga, akashusha pumzi. Kisha akaliangalia tundu.

"Nani alimtia humu?"

Muosha matundu akatazama sakafu.

"Ni mimi, Daktari. Nilimwonea huruma."

Daktari akakikaza kifuniko cha kichupa. Ndani ya tundu madume wanne walikuwa wakilambana damu masharubuni, wakisogeleana, mpaka ikawa vigumu kujua mkia upi ni wa nani.