Sindano Tupu kwa Bega la Mgema

Mume wangu Jefwa ni mgema, na kama wagema wote ana kiburi cha mtu aliyezoea kuwatazama wenzake kutoka juu. Mwaka ule wa baada ya mvua za El Niño, bega lake la kulia lilimgomea. Mkono ulifika usawa wa kifua, basi. Alipakwa mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu, akachanjwa chale na shangazi yake, akameza vidonge vya dukani hapa Kombani. Wapi! Akawa anapanda kwa mkono mmoja na nusu, anashuka na tembo la kuwalewesha kuku tu, kisha ananuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Na Jumamosi ilikuwa twende Matuga kupeleka tembo la uchumba wa mwanetu Karisa. Bila tembo hakuna mazungumzo, na kwao Jefwa lina sharti lake: baba mtu aligeme mwenyewe. "Tembo la ndoa haligemwi kwa mkono wa kuazima," marehemu baba yake alikuwa akisema. Jirani yetu Kavumbi alijitolea kutugemea, Jefwa hakutaka hata kusikia. Tulishaahirisha mara moja, na wazee wa Matuga walituambia wazi kwamba kuna mchumba mwingine anabisha hodi.

"Basi Karisa ataoa mwakani," nikamwambia, "bega lako likipenda."

Nilikuwa na hasira, lakini hofu ilizidi hasira.

Ndipo nikamburura hadi Ukunda, kwenye zahanati alikokuwa akifanya kazi Fridah, binti wa bara anayetibu misuli na viungo.

"Shikamoo mzee. Toa shati, ulale kifudifudi."

Alimbonyeza bega taratibu mpaka Jefwa akaguna. "Hapa kuna fundo," akasema. "Msuli umejikunja, umekataa kujiachilia. Nitaudunga sindano."

"Ya dawa gani?"

"Haina dawa, mzee. Ni sindano tupu. Inaingia kwa fundo, inaliamsha, halafu linalegea. Kuna daktari mgeni alinifunza."

Jefwa akainua kichwa. "Sindano haina dawa! Mwanangu, na mimi nikikuuzia kibuyu hakina tembo, utanunua?"

"Kikiniondolea maumivu, nitanunua viwili. Sasa tulia."

Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba kama unywele. Fridah akaiingiza, akaisogeza kidogo, na mara msuli ukaruka. Niliuona kwa macho yangu, ukiruka chini ya ngozi kama chura ndani ya mfuko. Jefwa akapiga ukelele. Sasa mimi nimelelewa kwenye nyumba ya ngoma za pepo. Kwetu, kitu kikijitikisa mwilini mwa mtu, humwulizi daktari, unakiuliza chenyewe. Mdomo ukanitangulia.

"Hodi, mwenyewe! U nani wewe? Wataka nini, tukupe utoke?"

Fridah akaganda. Kutoka kwenye mto ikaja sauti ndogo.

"Nataka kupumzika."

Hakuwa pepo. Alikuwa Jefwa mwenyewe, uso chini. "Nimechoka, Kanze. Nikipanda naogopa nitaanguka. Nikishuka naogopa sitapanda tena."

Tangu anioe sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Hasira zangu zote ziliisha palepale, nikamwonea huruma hata machozi yakanilengalenga.

"Mama, hiyo si pepo," Fridah akasema polepole. "Ni msuli. Hiyo kuruka ndiyo nilikuwa natafuta."

Akadunga tena hapa na pale. Kila msuli uliporuka Jefwa alinitupia jicho, nami nikajiziba mdomo kwa leso, mpaka tukaishia kucheka sote watatu. Alipoketi, mkono ukapita kifua ukafika sikioni. Aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Utauma kama umelima kutwa," Fridah akamwonya. "Usipande mnazi mpaka wiki ijayo nikuone."

"Mnazi haungoji mtu, mwanangu. Usipokatwa asubuhi na jioni, unafunga, hautoi tembo tena."

Tulipofika nyumbani akaiendea kotama, kisu chake cha kugemea. Nikaiwahi mimi. Baba yangu alikuwa mgema asiye na mtoto wa kiume, na kabla sijaolewa nilipanda minazi yake yote. Nikavaa kaptula ya Karisa ndani ya leso.

"Kanze, lakini mkono wa kuazima..."

"Mkono huu uliutolea mahari," nikamwambia. "Uliuazima lini?"

Akaniachia kotama, nikapanda. Kisha akasimama chini akiniamrisha, kata hivi, kata vile, kama aliyezaliwa na kotama mkononi. Kavumbi akapita, akauliza kama siku hizi nimekuwa tumbili. Nikamjibu kwamba tembo la tumbili hatalionja.

Jumamosi tukaketi mkekani kwa mzee Chengo, babake msichana. Kibuyu kikawekwa katikati. Mzee alilijua sharti la ukoo wetu, akauliza: "Jefwa, limegemwa kwa mkono wako?"

Nikainamisha kichwa. Angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Lakini Jefwa alinishika mkono, akaunyanyua pamoja na wake wa kulia, juu, juu kabisa, mpaka shati likamtoka kiunoni.

"Kwa mkono wangu huu," akasema, akiutikisa wangu.

Wazee wakatazamana. Mzee Chengo akacheka, akamgeukia binti yake Kahaso, kwa kuwa ndiye mwenye neno la mwisho. "Mwanangu, tulinywe?"

Kahaso aliitazama ile mikono, ambayo Jefwa alikuwa hajaishusha bado.

"Kunyweni, baba."