Kinanda cha Fundi Friji

Sijisifu, lakini hakuna friji iliyowahi kunishinda. Nimefungua zinazonguruma, zinazovuja, zinazogandisha maziwa huku zikiyeyusha barafu, na zote zimerudi kwa wenyewe zikiwa na adabu. Kwa hiyo kaka yangu aliposema kwamba kinanda ninachotaka kukiunda hakitafika mwisho wa wimbo mmoja, nilicheka. Nilicheka mbele ya bendi yake nzima, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza, maana baada ya hapo sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Kaka yangu watu humwita Jenerali, ingawa jeshi lake ni watu wawili: mpiga ngoma na mpiga besi. Yeye mwenyewe hupiga gitaa na kutoa amri. Walikuwa na mpiga kinanda pia, lakini alipata kazi mbali, akaondoka na kinanda chake. Nilipopata habari nilienda moja kwa moja kwenye mazoezi yao, katika stoo iliyo nyuma ya duka la magodoro.

"Nafasi ya kinanda naitaka mimi," nilimwambia.

"Kupiga unajua, sikatai," Jenerali alisema. "Lakini kinanda chenyewe kiko wapi?"

"Naunda."

Nilimweleza. Nilikuwa nimeagiza boksi la sinthesaiza ya kujiundia, ile mashine inayotengeneza sauti yake yenyewe kwa umeme. Ndani unakuta bodi tupu, safu ya vibao vya kubonyeza, vipuri mia tatu na kumi na viwili ndani ya vifuko, na kijitabu. Mengine ni juu yako.

"Kwa nini usitafute kilichokamilika kama watu wengine?"

"Siamini kitu ambacho sijakifungua."

Mpiga ngoma alicheka. Jenerali hakucheka. "Dada, mashine za namna hiyo nazijua. Zikipata joto sauti inahama. Unaanza wimbo hapa, unamalizia kwa jirani. Halafu na wewe..."

"Malizia."

"Wewe mwenyewe hujawahi kushika sauti tangu tuzaliwe. Mashine yako ndiyo itashika?"

Hapo aligusa kidonda, na alikijua. Mama yetu alikuwa mwalimu wa kwaya ya shule. Mtoto akikosea, mama alikuwa akigeuza kichwa tu, taratibu, mpaka macho yamfikie mkosaji. Nilipokuwa darasa la nne kichwa hicho kilinigeukia mara nyingi kuliko wengine wote. Siku moja akaninong'oneza: "Mwanangu, wewe fungua mdomo tu. Sauti usitoe." Basi nikafungua mdomo miaka mitatu, nikiwa nimevaa sare sawasawa na wenzangu, bila kutoa sauti. Mama hakusema kwa ubaya. Mama hana ubaya, ana masikio. Lakini iliniuma, na mpaka leo nikisikia kwaya inapasha koo, inaniuma.

Jenerali akatoa masharti. Jumapili saa nane mchana mama angeimba wimbo wake wa beti nne, ule alioutunga mwenyewe, nami ningempigia peke yangu. Mwanzoni tungelinganisha kinanda na gitaa lake, na mwishoni tungelinganisha tena.

"Kikiwa pale pale, nafasi ni yako. Kikihama hata unywele, usiniombe tena. Tumeelewana?"

Ndipo nilipocheka.

Kijitabu kilisema mtu asiye mzoefu atahitaji siku tano. Mimi nilitumia michana mitatu, kwenye meza ya jikoni, madirisha yakiwa wazi ili moshi wa risasi ya kulehemu utoke. Mama, ambaye anaishi kwangu, alikaa upande wa pili wa meza akipindia mapazia. Vipuri nilivipanga kwenye trei za mayai, kila kundi na tundu lake, maana rezista mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zikapishana kwa mstari mmoja wa rangi. Unapitisha miguu ya kipuri kwenye matundu ya bodi, unagusisha chuma cha moto, unalisha risasi kidogo, unaondoa mkono. Risasi ikimeta na kukaa vizuri, mshukuru Mungu wako. Ikififia na kujikunja, rudia. Sikurudia sana.

Boksi lake nililikata kwenye mlango wa friji iliyokufa, bati jeupe zuri. Mtu akikitazama haraka angeweza kutafuta maji baridi ndani yake.

Mchana wa tatu nilikichomeka kwenye spika, nikabonyeza. Kikatoa mlio mnene uliotikisa vijiko ndani ya droo. Mama aliinua kichwa.

"Hiyo ni noti ya la," alisema. "Lakini imelegea."

Nikazungusha nobu ndogo iliyo pembeni, ile ya kupandisha na kushusha noti zote kwa pamoja, mpaka mama akarudisha macho kwenye pindo lake. Nilifurahi hata nikaona aibu kwa furaha yenyewe, mwanamke mzima wa miaka arobaini na nne nikirukaruka jikoni na bisibisi mkononi.

Sasa, kijitabu kilikuwa na ukurasa mmoja kuhusu joto. Niliuruka. Mtu aliyepigana na joto kwa miaka kumi na tisa hahitaji kufundishwa joto na karatasi. Kaka alisema tatizo ni joto. Sawa, joto dawa yake naijua. Nikachukua feni ndogo kutoka kwenye kompyuta mbovu, nikaitobolea dirisha nyuma ya boksi, na kwa madaha nikaiunga na themostati ya friji, ili boksi likipata joto feni iwake, likipoa izime. Nilikuwa na hakika hakuna duniani mwenye sinthesaiza inayojipoza kama yangu. Na ni kweli, kwa sababu hakuna mwingine mwenye ujinga huo.

Ijumaa nilibonyeza noti moja, nikaiwekea kibanio cha nguo ili isiachie, nikakaa kuisikiliza.

"Inapanda," mama alisema baada ya muda.

"Hapana, mama."

"Inapanda." Alishona mishono kadhaa. Ndani ya boksi feni ikaanza kuvuma. "Sasa inashuka."

"Ni feni tu hiyo, mama."

"Mimi sijauliza ni nini. Nimesema inashuka."

Nilibisha, maana sikio la kufa halisikii dawa. Lakini niliweka kiganja juu ya bati, nikasubiri. Joto likizidi, sauti inapanda. Themostati ikilia tak, feni inawaka, sauti inashuka. Feni ikizima, safari inaanza upya. Nilikuwa nimeunda friji inayoimba.

Nikausoma ule ukurasa. Haukusema joto ni adui. Ulisema adui ni badiliko: kiache kiwake nusu saa, kipate joto lake, kitulie, ndipo ukisawazishe, na usikipulizie upepo. Nilijisikia mpumbavu kweli. Kila mteja ninayempelekea friji namwambia maneno hayo hayo: mama, usiiwashe mara moja, iache itulie kwanza. Kinyozi hajinyoi.

Feni niliing'oa siku hiyo hiyo, na dirisha lake nikaliziba kwa bati na skrubu nne. Nikakiwasha, nikakiacha kitulie, nikarudisha kibanio. Nilipiga pasi mapazia yote ya mama na mvuke ukajaa jikoni. Ilipita saa nzima. Mama hakusema kitu mpaka alipokuwa anakunja pazia la mwisho.

"Haihami," alisema.

Kwa mama, hayo ni makofi ya ukumbi mzima. Nililala nikijua nimeshinda.

Jumapili nilifika stoo saa saba ili kinanda kipate muda wake. Mule ndani kulikuwa na joto la kukausha nguo: bati juu, magodoro ukutani mpaka darini, na dirisha moja. Nikalifunga hilo dirisha mwenyewe. Mpiga besi aliniuliza kama nina akili timamu.

"Joto naliogopa? Niache."

Saa nane Jenerali aligusa waya wa gitaa lake kwa kidole, noti moja. Nikabonyeza ya kwangu, nikazungusha nobu mpaka sauti mbili zikawa moja. Kisha nikatoa penseli nikachora mstari mwembamba kwenye nobu na kwenye bati, uwe shahidi.

Mama aliingia na gauni lake la buluu, lile la siku maalum. Hakuwa ameimba mbele ya watu tangu alipostaafu. Alisimama katikati ya magodoro, mikono nyuma, akanipa ishara kwa kidevu, kama alivyokuwa akiipa kwaya.

Ubeti wa kwanza ulikaa. Wa pili pia. Kinanda changu kilikuwa kimesimama imara chini ya sauti yake, na nilimwona Jenerali akitikisa kichwa kidogo, kukubali bila kutaka. Nikaanza kufikiria nitavaa nini kwenye onyesho langu la kwanza na bendi.

Ubeti wa tatu mama akaanza kushuka.

Mimi ambaye eti sishiki sauti, nilisikia. Kwanza nilidhani ni mashine, nikatazama penseli: mstari ulikuwa mzima, na kazi yangu naijua. Ni mama. Pumzi zilikuwa zinamwishia kabla ya mwisho wa mstari, na kila zilipomwishia sauti ililala kidogo, na haikuinuka tena. Kati yake na kinanda kulianza kutokea ule mtetemo mbaya, wa sauti mbili zinazokataana. Uso wake ulibadilika. Alikuwa anasikia.

Nilikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua. Ningekaa pale pale, nishinde, na watu watatu wamsikie mwalimu aliyewageuzia wengine kichwa maisha yake yote akitoka nje ya sauti. Au.

Mkono wangu wa kulia uliendelea kupiga. Wa kushoto niliupeleka kwenye nobu. Nikaizungusha kidogo, kidogo sana, namna ninavyofungua gesi ya friji, mpaka mtetemo ukapotea. Akashuka tena, nikashuka naye. Ubeti wa nne tuliushuka pamoja, hatua kwa hatua, na hakuna aliyeona ngazi. Uso wake ukatulia. Nawaambia ukweli, sijawahi kupiga vizuri namna ile.

Alipomaliza, mpiga ngoma alipiga makofi, akafuta macho na fulana yake, akasema ni jasho.

Jenerali akasubiri makofi yaishe. Akagusa waya ule ule wa gitaa. Nikabonyeza noti ile ile. Hata godoro lingesikia kwamba hazikulingana.

"Imeshuka," alisema, na hakuwa na furaha. "Dada, pole. Imeshuka sana."

"Nimesikia," nilisema.

Ningeweza kuonyesha mstari wa penseli. Nilikiziba kile kipande cha nobu kwa kidole gumba, nikachomoa waya wa spika na kuanza kuukunja. Niliumia, siwafichi, nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Lakini mkono uliozungusha nobu ulikuwa wangu, na ningeizungusha tena.

"Acha huo waya," mama alisema.

Tukamgeukia wote.

"Mashine haikushuka. Nimeshuka mimi, toka ubeti wa tatu."

"Mama, wewe huwa hush—"

"Leo nimeshuka, baba. Masikio yangu mazima, pumzi ndizo zimenikimbia. Nilijisikia nashuka na sikuweza kupanda. Huyu akanifuata." Akaninyooshea kidole, kile kidole cha kwaya. "Toa hicho kidole gumba hapo. Rudisha ulipoanzia."

Nikachomeka waya. Nikarudisha nobu mpaka nusu mbili za mstari wa penseli zikakutana. Jenerali akagusa gitaa, nikabonyeza. Zikawa sauti moja, safi, na zikakaa hivyo mpaka alipoondoa kidole mwenyewe.

Jenerali akashusha gitaa. "Mazoezi ni Jumamosi saa tisa," alisema. "Ukichelewa nakufukuza."

"Jenerali, mimi huchelewa?"

"Unachelewa."

Mama hakuwa na muda na utani wetu. Alishasimama mahali pake, mikono nyuma. "Tunarudia. Bendi nzima, kutoka ubeti wa kwanza." Kisha akaongeza bila kunitazama, "Na wewe uimbe."

"Mama, mimi nafungua mdomo tu."

"Hiyo ilikuwa zamani, na nilikosea. Nikianza kushuka nataka nisikie kuna mtu. Toa sauti."

Mpiga ngoma akahesabu mpaka nne. Nikatoa. Najua nilikosea mahali pawili, labda patatu, kwa sababu siku hizi nami nina masikio. Nilimtazama mama mgongoni wimbo mzima, nikisubiri. Hakugeuza kichwa.