Sikio la Limi

Felisita, bibi mifugo wa kata ya Sapiwi, alipeleka mashine ya kusoma hereni sikioni mwa ng'ombe kwa mara ya tisa, na kwa mara ya tisa mashine ikanyamaza. Alikwishafanya yote aliyofundishwa. Alimwondoa ng'ombe karibu na mabomba ya zizi la mnada, maana chuma huvuruga mawimbi. Alilikausha sikio kwa khanga, maana maji huyameza. Akasogeza mashine hadi shubiri moja. Kimya! Uchovu wake haukuanza siku hiyo. Tangu kampuni ya mjini ilete hereni zake za majaribio, kazi yake imekuwa kuiombea mashine radhi.

Hereni zilikuwa rahisi, na hiyo ndiyo sifa yake. Hazina chipu ndani. Ni michoro tu ya wino wa madini juu ya plastiki, kila ng'ombe na mchoro wake. Mashine hutuma mawimbi, mchoro huyarudisha, jina la mwenye mali likatokea. Ndivyo kampuni ilivyoahidi.

"Jaribu tena, daktari," alisema Ng'washi.

Mjane huyu alibakiwa na ng'ombe mmoja, Limi, na ndama wake. Wajukuu wanne walikunywa maziwa ya Limi. Wiki iliyopita Limi aliibiwa, na leo bibi amemkuta mnadani Bariadi, mkononi mwa mfanyabiashara Machibya. Machibya hakuwa mwizi. Alimnunua kwa mtu njiani, na karatasi anayo: jike, mwekundu, paji jeupe, hana alama mwilini.

Hana alama. Maneno hayo yalimchoma Felisita. Ukoo wa Ng'washi huwakata ng'ombe wao chale mbili ukingoni mwa sikio la kushoto, tangu enzi za mababu. Ni yeye Felisita aliyemkataza: usimkate, mayu, mama yangu, unamtesa bure, hereni inatosha. Itunze tu iwe safi.

"Hereni kama hizi wanazo ng'ombe arobaini huko kwenu," alisema mwenyekiti wa mnada. "Mashine isiposoma, nafuata karatasi."

"Limi!" aliita Ng'washi. Ng'ombe akageuza kichwa.

"Mama, hata wangu hugeuka nikipiga chafya," alisema mwenyekiti.

Watu wakacheka. Felisita hakucheka. Aliinama, akaigeuza hereni kwenye jua. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kama sahani ya mgeni. Hata mstari mmoja wa mchoro haukuwepo.

"Mayu, hereni hii umeifanyia nini?"

"Nimeitunza," alijibu Ng'washi kwa fahari. "Kila Jumamosi, majivu na mchanga, pamoja na sufuria zangu. Si ulisema iwe safi?"

Felisita alitamani ardhi ipasuke. Alisema safi, ndiyo. Hakusema kwa kitu gani, wala hakuwahi kuiuliza kampuni. Mwanamke wa Kisukuma anayejiheshimu angesafisha kwa kitu gani kingine? Akamweleza mwenyekiti yote, akakiri kosa ni lake.

Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho. "Nakuamini," alisema. "Lakini kwenye kitabu siwezi kuandika nakuamini."

Machibya akampakia Limi kwenye gari, macho yake chini. Ng'washi hakulia wala hakulaumu. Alimwambia Felisita, "Wabeja, daktari, umehangaika," na shukrani hiyo ilimuuma kuliko tusi.

Jumatatu asubuhi Felisita alifika kwa Ng'washi bila mashine. Ndama wa Limi alikuwa amefungwa uani, hereni sikioni, analia hadi sauti imemkauka. Bibi alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe. Alipomwona mgeni wake alikificha chini ya khanga, kama mtoto aliyefumwa akilamba sukari.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu Felisita.

Alipiga magoti, akatoa koleo mfukoni, akaikata hereni ile mwenyewe. Kisha akamkumbatia ndama shingoni na kulinyoosha sikio la kushoto.

"Kata ndani kidogo," alisema. "Ionekane hata kwenye mvua."