Kumi na Wawili wa Katriji ya Tatu

Saa mbili asubuhi Mama Tone alifuta meza kwa kitambaa kikavu, akapanga katriji tatu kama mtu anayepanga wanawe kwa umri. Zote zilikuwa za sigara za umeme, zote za kujazwa upya zikiisha, ila hazikuwa na tabia moja. Ya kwanza ilikuwa ya kioo, utambi wake pamba, nayo hujazwa kwa juu. Ya pili ilikuwa na kauri ndani. Ilikunywa polepole, ikadumu. Ya tatu ilikuwa ya plastiki, nyepesi, yenye kizibo cha mpira ubavuni, na ndiyo iliyonunuliwa kuliko wenzake.

Jina la Mama Tone alilipatia kazini, maana miaka kumi na tisa alijaza katriji kwa bomba la sindano bila kumwaga. Wageni wakitembezwa karakana, walisimamishwa mezani kwake wamtazame. Yeye alijifanya hawaoni, lakini siku hizo alifunga kilemba kizuri.

"Kitendawili," alimwambia fundi wa mizani.

"Tega."

"Nina mwanangu, nikimlisha kidogo anaungua, nikimlisha sana anajikojolea."

Fundi alikisia mara mbili, akashindwa, akatoa mji. Jibu lilikuwa katriji, na moja alikuwa ameishika mkononi.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kulinganisha. Aina ya tatu ilikuwa madukani tangu mwaka uliopita. Sasa Meneja alitaka jedwali la kuchapwa kwenye boksi, lioneshe ipi bora. Kuvuta hakukuwa kazi ya mtu. Kulikuwa na mashine, ambayo wafanyakazi waliiita Baba Mkwe kwa kuwa hupokea kila kitu na haisemi asante. Baba Mkwe alivuta kila katriji mara mia tatu, akapuliza mvuke kwenye sanduku la kioo. Kanuni za karakana zilijulikana na wote: kinachotoka kinapimwa, na aliyejaza ndiye anayetia sahihi, nayo huchapwa kwenye boksi.

Mvuke wa katriji ya kioo ulitoa mwanamume wa makamo mwenye tai. Alitazama saa yake, akayeyuka. Wa kauri ulitoa dereva na mwanamke mmoja waliokuwa wakibishana, nao wakayeyuka kabla hawajaelewana. Mama Tone aliwahi kuwapima wote watatu, akaandika.

Aina ya tatu ilikuwa na ladha ya peremende. Mvuke wake ulitoka umevaa sare ya shule. Wa kwanza alikuwa mvulana wa darasa la sita hivi, mkoba mgongoni. Huyu hakuyeyuka. Alishuka mezani, akauliza apange foleni wapi. Mama Tone alimwonesha mizani. Gramu nne na mkoba wake. Tatu na nusu bila mkoba. Wengine walimfuata wakisukumanasukumana, hadi mtunza stoo akaleta makreti wakalie, kwa sababu walikuwa wanaziba njia ya kwenda chooni.

Wa kumi na mbili alikuwa mjukuu wake. Mama Tone alimtambua kwa nywele, kwani alimsuka mwenyewe Jumapili, na mstari wa nyuma ya sikio la kushoto ulipinda kwa vile mtoto hakutulia. Alimwambia asimame wima. Gramu nne kamili. Aliandika kwa mwandiko wake uleule mzuri, na jambo hilo lilimpa fahari na kumnyima hamu ya chakula kwa pamoja.

Fundi aliwaweka watoto kwenye safu ya uvujaji, maana kilichotoka kisirudi, kimevuja. Kwa hesabu hiyo aina ya tatu ilianguka vibaya. Meneja alishuka kuja kuangalia. Watoto walisimama wakamwamkia, mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia marahaba kumi na mbili bila kuruka hata moja. Kisha akamgeukia Mama Tone.

"Mama, hawa wametokea mdomoni mwa katriji au kwenye kizibo?"

"Mdomoni."

"Basi si uvujaji huo. Huo ni wingi wa mvuke."

Fundi alifungua kitabu cha kanuni, akakuta ni kweli. Watoto wakahamishwa safu, na aina ya tatu ikapanda kutoka mkiani hadi kichwani. Ikabaki sahihi.

Mama Tone alisema namba ni zake na hazikani. Ila aliomba pembeni iandikwe ni nani waliotoka, kwa majina. Meneja alimweleza kwa upole kwamba boksi ni dogo kama la kiberiti, halina nafasi ya majina.

"Basi hata langu halitaenea," alisema Mama Tone, akafunika kalamu.

Meneja hakukasirika. Alimsifu mbele ya wote, akasema watu wenye msimamo kama yeye ndio nguzo ya karakana. Halafu akapanda ofisini kwake, kwenye kabati lenye sahihi za Mama Tone za miaka kumi na tisa, zote nzuri.

Jioni mjukuu wa mvuke alimfuata bibi yake nyumbani. Yule mwingine, anayekula na kuoga, alikuwa sebuleni akifanya kazi za shule. Alisogea kidogo kwenye benchi, mwenzake akakaa.

"Iko wapi?" aliuliza Mama Tone.

Yule anayekula aliitoa ndani ya soksi. Ya plastiki, kizibo ubavuni. Alieleza bila kuficha, tena kwa kujivuna.

"Wenzangu walikuwa wanaogopa, Bibi. Nikawaambia bibi yangu ndiye anayezipima, na hajawahi kukosea. Wakaacha kuogopa."

Mama Tone alikaa chini. Alimwambia kwamba kupima si kubariki, kwamba kitu hiki si cha kifua cha mtoto, na kwamba leo, kwa mara ya kwanza, amekataa kutia sahihi. Mtoto alisikiliza hadi mwisho, akamkabidhi ile katriji.

"Nitawaambia darasani," alisema. "Boksi jipya likija bila sahihi yako, tutaacha wote."

Usiku huo Mama Tone alilala fofofo.

Boksi jipya lilifika Jumatatu ya pili. Mjukuu alilinunua kwenye kibanda kilicho mbele ya geti la shule, akalileta mbio. Aina ya tatu ilikuwa juu ya jedwali, na chini ya neno "bora" palikuwa na sahihi. Mama Tone alisema hakuiandika yeye.

Mtoto hakubisha. Alitoa ripoti zake za shule, ambazo bibi hutia sahihi kila muhula, akazipanga mezani kwa mwaka, akalinganisha mkunjo kwa mkunjo, nukta kwa nukta, kama alivyofundishwa.

"Ni yako, Bibi," alisema, uso umemng'aa. "Unaona haya tu."

Alikata upande ule wa boksi kwa mkasi, akaubandika ukutani juu ya meza ya chakula, pale ambapo kila mgeni angeuona. Yule wa mvuke alimshikia pembe moja isipinde.