Mpatanishi wa Dirisha la Sahani

Simameni wote, vueni kofia! Katika mwaka wa pili wa bendera yenye misalaba ya shaba, Katanga ilipokuwa imejitenga na kujiita nchi, Mjumbe Mkuu wa Amani, Mwenye Ndimi Nne, Tumaini la Weupe na Weusi, aliingia rasmi katika ukumbi wa mazungumzo wa chuo kikuu, akitanguliza miguu.

Alitanguliza miguu kwa sababu milango yote ilikuwa imezibwa kwa meza, na njia pekee iliyobaki ilikuwa dirisha dogo la kupitishia sahani kutoka jikoni. Miguu ilipita vizuri. Tumbo likakataa.

"Vuta!" mtu mmoja alipiga kelele upande wa ukumbini.

"Apana kuvuta, utamupasula!" alijibu Nkandu, muosha vyungu, kutoka jikoni. "Ngoja nimusukume."

Akamsukuma. Mjumbe akatoka kama kizibo cha chupa, akaangukia meza ya mkate, na wanafunzi waliokuwa wameapa kutocheka mpaka haki itendeke wakacheka hadi wakashikana mabega. Basi huyo ndiye Anaclet, mpishi wa chuo, mwana wa Kilwa ile ya ziwa Mweru, aproni ikiwa na madoa ya mawese na unga ukiwa umetulia kwenye nyusi.

"Ona!" alisema kijana aliyesimama juu ya meza ya mwisho. "Wazungu wamekosa watu. Sasa banatutumia nyama yenyewe."

"Nyama itakutoka puani, weye paka ya pori," alijibu Anaclet akijipangusa. "Shuka kwenye meza yangu. Bantu banakulaka pale, na miguu yako inanuka sawa mudomo yako."

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kijana yule, Clément, kiongozi wa mgomo, aliyekuwa amewafukuza kwa miluzi padri na profesa wawili tangu asubuhi, alishuka.

Alishuka kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Huko Kilwa, na kando yote ya ziwa Mweru, ukoo wa Mbuzi na ukoo wa Chui ni watani. Mbuzi humnyang'anya Chui kofia sokoni na kumtukana mbele ya wakwe zake. Chui naye vivyo hivyo. Anayenuna hulipa kuku, na aibu juu yake. Tena siku Mbuzi akifa, Chui ndio huchimba kaburi, huku wakimsema marehemu kwa ulafi wake. Anaclet alikuwa Mbuzi. Clément alikuwa Chui. Tangu kijana alipofika chuoni walikuwa wakitukanana kila adhuhuri pale dirishani, na kila adhuhuri sahani ya Clément ilipata kipande cha samaki kilichozidi vya wenzake.

Ndiyo maana Bwana Van Hoeck, msimamizi wa bweni, Mbelgiji mrefu mwenye masikio mekundu, alikuwa amekuja jikoni na kusema kwa Kiswahili chake cha bustanini: "Anaclet, mimi iko nachoka. Batoto hapana sikia mimi. Wewe kwenda."

Ugomvi wenyewe haukuwa wa chakula. Ulikuwa wa Émile.

Émile alikuwa mwanafunzi wa sheria, mzaliwa wa Lubumbashi, lakini baba yake alikuwa ametoka jimbo la Kasai kufanya kazi kwenye reli, na mwaka ule kutoka Kasai kulikuwa kama ugonjwa unaoonekana usoni. Mtaani watu wa Kasai walikuwa wakiamka na kukuta nyumba zimewekewa alama. Familia ya Émile ilikuwa imekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, chini ya maturubai, pamoja na maelfu ya wengine. Van Hoeck alimwambia naye afungashe vitu aende kambini, kwa usalama wake. Mtihani ulikuwa mlangoni. Clément, Mkatanga halisi, ndiye aliyeinuka na kusema: Émile akitoka, tunatoka wote, au hatoki mtu. Wakazuia milango. Nje ya uzio, jeep ya askari ikaanza kupita polepole, ikirudi, ikipita tena.

"Munataka nini?" Anaclet aliuliza.

"Émile alale apa, afanye mutihani yake," alisema Clément. "Na askari hata mumoja asipite lango."

"Njo vile tu?"

"Na samaki munono."

"Samaki utakula kaburini. Ngojeni."

Akarudi dirishani. Nkandu alimvuta. Van Hoeck, aliyekuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, alisikiliza, akasema kijana anaweza kubaki, lakini wanafunzi wafungue kwanza. Anaclet akapita tena. Clément akasema, hapana, Mzungu aape kwanza. Anaclet akapita tena. Kufikia saa za mchana dirisha lilikuwa limemzoea, au yeye alikuwa amekonda, na vifungo viwili vya shati vilibaki kama ushahidi pande mbili za ukuta.

Mwishowe alipoteza subira, akapika.

Alisonga ugali, bukari moja kubwa, akaimwaga kwenye sinia moja, akazungushia sombe ya majani ya muhogo, akaisukuma dirishani na kuifuata. Kisha akamwita Van Hoeck. Mzungu alikwama zaidi yake, maana masikio nayo yalikuwa na sehemu yake. Akaketishwa sakafuni kati ya Clément na Émile.

"Apa hakuna kisu," alisema Anaclet. "Tunakula kintu kimoja. Mwenye kukula na mwenzake, halafu anamuuzisha, chakula kitamurudia. Bwana Van Hoeck, nawa mikono."

Van Hoeck akanawa, akamega, akaungua, akapuliza vidole, akala. Émile akala. Clément akala, na kwa desturi akanyakua tonge lililokuwa tayari mkononi mwa Anaclet, na Anaclet akampiga kofi la kisogo, na watu wakacheka. Van Hoeck akasema kwa Kifaransa, polepole ili wote wasikie, kwamba ametoa neno lake. Meza zikaondolewa milangoni. Hewa ikaingia.

Anaclet alisimama katikati ya ukumbi na mwiko mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani alihisi kwamba yeye ni mrefu.

Émile alimfuata jikoni. "Tata Anaclet, mi naogopa chumba yangu. Bantu bote banaijua."

"Utalala ndani ya stoo ya unga. Haiko muntu atafikiri kutafuta mwanasheria mule." Akamtandikia magunia matupu, akampa taa ya mafuta na blanketi lake mwenyewe la zamu. Émile akafungua kitabu chake juu ya gunia la mahindi, akaanza kusoma kwa midomo tu, kama mtu anayesali akiwa na haya.

Hata Nkandu hakuambiwa. Hata Van Hoeck. Lakini jioni, Clément alipopita dirishani na kuuliza, "Mbuzi, umemuficha wapi mutoto yetu?" Anaclet alimwonyesha kwa kidevu mlango wa stoo. Mbuzi hamfichi Chui kitu. Kwao kitu hicho hakikuhitaji hata kufikiriwa. Ni kama kujiuliza kama mkono wa kulia utamwibia wa kushoto.

Kwake mtaani Ruashi, mkewe Clotilde alisikiliza habari yote huku akichambua maharage.

"Umekula na Muzungu chini?"

"Chini. Vidole vyake vikaungua."

"Na Muzungu alisema nini juu ya sombe?"

"Aliongeza."

"Eh, balozi! Basi balozi akate kuni, moto inazima." Lakini alipomwekea maji ya kuoga alimwekea ya moto, jambo ambalo kwa kawaida alilihifadhi kwa Krismasi.

Asubuhi Anaclet alifika jikoni akipiga mluzi.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Gunia moja lilikuwa limepasuka, unga umetapakaa sakafuni, na katika weupe ule kulikuwa na alama za viatu vikubwa, zikienda na kurudi, na kati yake alama za miguu isiyo na viatu. Miguu mitupu ilikuwa na za kutoka tu. Kitabu kilikuwa kimeanguka kifudifudi.

Rigobert, mlinzi wa lango, alikuwa ameketi nje ameshika kichwa. Alimwita Anaclet yaya, kaka mkubwa, kama siku zote. "Balikuya alfajiri na jeep, yaya. Bunduki apa," akaonyesha kifua chake. "Bakapita."

Anaclet hakungoja mengine. Alivuka uwanja mbio, aproni ikipepea, akamkuta Van Hoeck kwenye baraza ya bweni amevaa ndara za chumbani, akipiga simu ambayo haikuitikiwa.

"Weye ulikula!" Anaclet alifoka. Miaka yote alikuwa hajawahi kumwambia Mzungu weye. "Ulikula na mikono yako! Umemuuzisha mutoto!"

Van Hoeck aliweka simu chini. Uso wake ulikuwa mweupe, na hata masikio yalikuwa meupe. "Mimi hapana," alisema. "Anaclet, mimi nafikiri yeye iko chumba yake. Saa nasikia jeep, mimi nakimbia kule, chumba. Bule, hapana muntu. Askari bo nakwenda moja kwa moja jikoni."

Anaclet akarudi kwa Rigobert, akitembea sasa, na kumuuliza neno moja tu.

"Baliuliza njia?"

"Apana," alisema Rigobert. "Bakaenda moja kwa moja. Kama bantu banaenda kwabo."

Adhuhuri wanafunzi walipanga mstari kama kawaida, lakini bila kelele. Wengine walikuwa wamevimba macho. Clément alikuwa wa mwisho. Alikuwa amevaa koti la suti ambalo Anaclet hakuwa amelijua, na alitabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Ee mbuzi," alisema. "Leo hata tusi hamuna? Weka samaki, nasikia njaa."

Anaclet alimtazama. "Ni weye?"

Clément akaangalia nyuma. Akainama dirishani na kushusha sauti. "Baliniita. Balisema, ni yeye mumoja ao ni shiye bote. Jina yangu ilikuwa ya kwanza. Ungefanya nini, weye?" Akaongeza haraka, "Hata hivyo bananipeleka Ulaya kusoma. Nikirudi niko mukubwa, nitamutafuta. Nitamutoa. Sasa nini? Chui amekula. Ni kazi ya chui, ile!"

Akacheka. Akanyoosha mkono dirishani, akachukua kofia ya mpishi kichwani mwa Anaclet, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akaivaa yeye. Akangoja.

Nkandu aliacha kuosha. Wote walijua zamu ilikuwa ya nani. Anaclet alikuwa na matusi ya ukoo mzima kifuani, ya babu na ya bibi, na lolote kati ya hayo lingekuwa msamaha. Ndivyo utani ulivyo: ukishatukana, umekwisha kusamehe.

Aliufuta mkono wake kwenye aproni. Akaunganisha miguu.

"Jambo, Bwana Clément," alisema. "Bwana anapenda bukari ao wali?"

Tabasamu likabaki usoni pa Clément kwa muda, peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Acha mambo hiyo, mbuzi."

"Ndiyo, Bwana. Bwana ataketi wapi? Nitamuletea uma."

"Nitukane," alisema Clément. Sauti ilikuwa imepanda, na mstari mzima ukageuka. Aliivua kofia, akaiweka kwenye dirisha, akaisukuma ndani. "Anaclet. Yaya. Nitukane basi. Tukana mama yangu."

"Mama ya Bwana ni muntu ya heshima," alisema Anaclet, na akapakua wali.

Kisha mpishi wa Kilwa alifungua mafundo ya aproni, akaitundika msumarini, akatoka kwa mlango mkubwa wa mbele wa chuo, kichwa juu, na hakurudi tena kumpikia mtu yeyote mahali pale palipouza watoto wa watu.

Mwisho mzuri, sivyo? Hapo ndipo hadithi ilipokuwa ifungwe. Ila msimulizi alifanya kosa la kuusimulia mwisho huo mbele ya Mama Clotilde mwenyewe, naye akaacha kuchambua maharage, akauliza, "Na batoto balikula nini?"

Basi nakiri. Nimedanganya. Ile aproni haikutundikwa popote. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, kwa sababu Ruashi kulikuwa na vinywa na kwa sababu bukari haijisongi. Jumapili alikwenda kambini na kuzunguka kati ya maturubai akilitaja jina la Émile na la baba yake wa reli. Émile hakumpata; baba alimpata, wakakaa pamoja juu ya ndoo zilizopinduliwa. Siku za kazi alimwekea Bwana Clément kitambaa cha meza, uma upande wa kushoto, na alisimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza, au mpaka alipoacha.

Siku ya ndege ilipofika, gari lilimsubiri Clément langoni. Alikuja kwa mlango wa nyuma wa jikoni na sanduku lake, akasimama pale. Anaclet alitoka, akalipokea kwa mikono miwili, akalitwika kichwani kama boyi anavyombebea tajiri wake, akatangulia. Njia ile si fupi. Clément alifuata nyuma, mikono mitupu, mara akiiweka mfukoni, mara akiitoa, na kila Anaclet alipopunguza mwendo ili Bwana ampite, naye akapunguza.