Sweta la Mzungu Mnene

Mimi ni mtu wa saa. Si fundi, msije mkaniletea zenu. Nilifanya kazi bandarini Tanga mpaka nikastaafu, na tangu hapo uraibu wangu ni kufungua saa za ukutani zilizokufa nione zimekufa kwa nini. Chache hufufuka. Nyingi hubaki vilevile, ila nikishazifunga hubaki na parafujo mkononi nisiyojua imetoka wapi. Mke wangu Mwamvua husema saa ikishaingia nyumbani kwetu Makorora, ndugu zake waanze kutafuta watu wa hitima. Simjali. Mtu mzima asiye na cha kuchezea mikono yake huishia kuchezea mambo ya watu.

Yeye uraibu wake ulikuwa kufuma. Vitambaa vya makochi, shali, kofia, sweta za watoto wa jirani, alifuma vyote. Hata miaka ile ya shida, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni alfajiri na sukari ikinong'onwa kama siri, Mwamvua hakukosa uzi. Alifumua vikuukuu akafuma vipya. Jioni tulikaa barazani, mimi na saa yangu upande huu, yeye na sindano zake upande ule, akiimba puani nyimbo zisizo na mwisho. Kama kuna raha ya ndoa inayoizidi hiyo kwa watu wa umri wetu, mimi sijaionja.

Kisha binti yetu Samiha, mtoto wetu wa pekee, akashika mimba ya kwanza. Alikuwa ameolewa Lushoto na kijana wa Kishambaa, mkulima wa kabichi, jina lake Shehe. Ni jina tu, cheo hana. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake, basi Samiha akateremka Tanga, na Mwamvua akaanza kufuma. Alifuma kofia, soksi, sweta na shali, vyote vyeupe, akavipanga juu ya kabati kila anayeingia avione. Wanawake wa mtaani walikuja kuvishika na kuvisifu.

Mtoto alizaliwa hana pumzi. Kitovu kilikuwa kimemzonga shingoni, ndivyo alivyosema daktari, na tulimzika siku ileile. Matangani jirani mmoja, nisiyetaka kumtaja maana bado tunaazimana kinu, alisema kwa ile sauti ya kujisemea inayotaka isikike kwamba wahenga walituonya tusimkatie mwana kanzu kabla hajazaliwa. Mwamvua alikuwa amekaa pembeni yake. Tangu siku ile hakushika sindano.

Nilimwambia mara nyingi kwamba uzi wa kofia haumwui mtu.

"Najua, Baba Samiha," aliniambia. "Mimi najua. Mikono ndiyo haijui."

Mambo yakabadilika nchini. Ikawa ruksa kuingiza bidhaa, maduka ya Wahindi yakajaa tena vitu tulivyokuwa tumevisahau majina. Nikaenda kumnunulia nyuzi, rangi mbalimbali, laini, za kutoka nje. Alinishukuru vizuri sana, akazisukuma chini ya kitanda. Nikamnunulia sindano mpya, zikafuata njia hiyohiyo. Nikajaribu kumchokoza, nikasema shali ya mke wa Maulid, wa nyumba ya pili, imefumwa vizuri kuliko zake zote. Akasema ni kweli. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Mwamvua ninayemjua mimi angenifukuza barazani.

Mwaka uliofuata, kipupwe kimeingia, Shehe alileta kabichi zake sokoni Tanga akapita kutusalimu. Samiha alikuwa na mimba nyingine, kubwa sasa, na safari hii alikuwa amesema atazalia hukohuko milimani. Mwamvua alimkaribisha mkwe wake, akampikia, akamuuliza habari za mvua, za shamba, za wazazi wake. Habari za tumbo hakuziuliza. Nilipomsindikiza Shehe mpaka barabarani, alisimama akawa anatazama viatu vyake.

"Baba, nisamehe kwa nitakayosema," alisema. "Samiha halali. Anasema mama ameshamzika na huyu."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu afunge nguo, tunakwenda Lushoto. Akaanza mambo ya kuku, nani atawalisha. Nikasema kuku watalishwa na mke wa Maulid. Akaleta mambo ya mguu wake unaomuuma. Nikasema mguu tunaubeba, hatuuachi. Akakaa kitandani akanitazama, akasema polepole, "Naogopa kwenda kumtazama." Nami nikamwambia kuwa mwanawe anaogopa zaidi, tena yuko peke yake. Asubuhi yake tulipanda basi.

Sisi watu wa pwani kipupwe chetu ni upepo kidogo na kujifunika shuka. Nilikuwa nimemweleza Mwamvua njia nzima kwamba baridi ya Lushoto watu wanaitia chumvi. Tulipoteremka kwenye basi ukungu ulikuwa umeifunika barabara yote, na nilipofungua mdomo kutoa salamu, moshi ukatangulia. Jioni ile nilivaa kanzu zangu zote mbili, moja juu ya nyingine, na juu yake koti la kuazima. Mwamvua alinitazama akasema nafanana na bunda la katani. Hilo lilinifurahisha, maana lilikuwa neno lake la kwanza la utani kwa muda mrefu.

Lakini Samiha alipotoka kutupokea, nilimwona mke wangu. Alimkumbatia mwanawe kwa ubavu. Alimshika mabega, akambusu mashavu, akamtazama usoni na kichwani, na macho yake hayakuteremka chini ya shingo. Samiha alikuwa na tumbo la kumtangulia mlangoni. Angeweza kutozungumza lolote lile, nalo lingejisemea lenyewe. Mama yake alilizunguka kama mtu anayezunguka kisima, akaingia ndani kusalimia wengine.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Tukaenda sote kutembea, kwa kuwa kukaa ndani kumekuwa kuzito. Samiha alivaa kanga na koti la mumewe ambalo vifungo vyake havikukutana tena. Sokoni mitumba ilikuwa imemwagwa chini juu ya turubai, vilima vya nguo za watu tusiowajua, na Washambaa wanachagua sweta kama sisi tunavyochagua samaki. Nikaingiza mkono, nikavuta sweta moja la kijivu, zito, kubwa la kutosha watu wawili. Mwenye mali akaniapia kuwa la Ulaya hasa. Nikamwambia naona, na aliyelivaa alikuwa mzungu mnene aliyepumzisha viwiko mezani, kwa maana kiwiko kimoja kimetoboka.

Mwamvua alilichukua mkononi mwangu. Akaligeuza ndani nje, akalivuta mshono, akaukwaruza uzi kwa ukucha.

"Hili si la kuvaa," alisema. "Limeliwa. La kufumua hili, uzi wake ni mzuri sana."

Kisha akajisikia alichokisema, akataka kulirudisha chini. Nikalipa palepale bila hata kuomba kupunguziwa, jambo ambalo mke wangu hakuwahi kuliona tangu anioe, kama ningeweza kusema hivyo.

Tulirudi tukakaa jikoni karibu na moto. Mwamvua akasema atatuonyesha tu linavyofumuka, basi. Akakata mshono wa bega, akatafuta ncha, akavuta, na uzi ukaanza kukimbia mstari hadi mstari. Samiha, bila kuambiwa, akakaa kwenye kigoda mbele ya mama yake akanyoosha mikono yote miwili, uzi uzungushwe humo. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu yuko darasa la kwanza. Nikawatazama, mmoja akivuta na mwingine akiinamisha mkono huu na huu, na kwa kitambo hivi nilijiona mtu mwenye akili sana.

"Mama," alisema Samiha. "Utamfumia?"

Mikono ya Mwamvua ikasimama.

"Mtoto hajazaliwa hafumiwi, mwanangu. Nilikosea mara moja."

"Yule alizongwa na kitovu."

"Najua."

"Basi mbona hunitazami? Tangu jana umenitazama nywele tu. Nikikuona hivyo, mama, nahisi nimebeba maiti."

Mwamvua alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo, na Samiha akaanza kulia akiwa bado ameshikilia uzi, hawezi hata kujifuta. Nilitaka kusema jambo. Nilikuwa na maneno mengi ya maana, na yote yalikuwa ya kipumbavu, nikatoka nje.

Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Nyuma ya nyumba kulikuwa na baiskeli ya Shehe, gurudumu la mbele limepinda, linangoja fedha. Nikaomba ruhusa, nikang'oa spoku mbili, nikazinyoosha, nikaketi kuzisugua ncha kwenye jiwe mpaka zikawa butu na laini kama sindano za kufumia. Shehe akaja akachuchumaa kando yangu bila kuuliza. Watu husema hamu ya kazi ya mikono huja yenyewe, uisubiri kama mgeni. Mimi sikuwahi kuiona ikija hivyo. Mara nyingi sina hamu na saa yoyote. Nafungua parafujo moja kwa uvivu tu, kisha ya pili, na hamu hunikuta tayari nimeinama. Nadhani mikono hutangulia na moyo hufuata nyuma ukilalamika. Sikuwa na hakika kama ni hivyo kwa wenye huzuni, lakini nilikuwa sina jingine la kujaribu.

Niliporudi ndani hawakuwa wakisemezana. Sweta lilikuwa limekwisha fumuliwa lote, limekuwa mabonge ya uzi kapuni. Nikaweka zile spoku juu ya kapu.

"Nini hivi?" aliuliza Mwamvua.

"Mchezo wangu tu."

Alizichukua akazipitisha kwenye kidole gumba kuona kama zinakwaruza. Hazikukwaruza. Mlango ulikuwa wazi na ukungu ulikuwa unashuka tena; Samiha aliinuka kuufunga, akajikunyata, akalivuta koti la mumewe upande huu na upande huu, likakataa kukutana. Mama yake alimwona. Nami nilimwona akimwona, kwa mara ya kwanza tangu tufike, kuanzia kichwani mpaka chini.

"Tangu lini unatembea na baridi namna hii?"

"Hakuna kinachonitosha, mama."

Mwamvua alizigeuza zile spoku mkononi. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama anabishana na mtu asiyekuwepo, na huyo mtu mimi nilimjua, yule jirani wa matangani.

"Mtoto hajazaliwa hafumiwi," alisema mwishowe. "Hilo sitalivunja tena. Lakini wewe nilishakuzaa zamani."

Samiha hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, nikalazimika kutazama moto.

"Njoo hapa. Vua hilo koti. Nikufumie wewe sweta lako, la mwanangu mwenyewe. Aliyemo ndani ni mgeni wako, akipata joto humo ni riziki yake, mimi sijamfumia kitu."

Akatoa uzi kwenye bonge, akapiga magoti mbele ya mwanawe, akauzungusha kiunoni ili ampime. Mikono ilipofika mbele, uzi ukalala juu ya tumbo na kiganja chake kikalala juu ya uzi, na nikaona bega lake likishtuka. Hakuutoa mkono. Samiha alisema, "Ndiyo kawaida yake kupiga teke wakati huu," akashika mkono wa mama yake akaubana hapohapo.

Walikaa hivyo. Nilikuwa nikilia, na Shehe mlangoni alikuwa akilia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutuangalia. Kisha Mwamvua akavuta pua, akatia fundo kwenye uzi pale ulipokutana, na kabla hajakata akaongeza shubiri nzima mbele ya fundo.

"Umekosea, mama," alisema Samiha. "Mbona kubwa? Litanipwaya."

"Sijakosea. Simama wima," alisema Mwamvua. "Mjukuu wangu bado anakua."